Fundi Aliyejua Kabla Yangu

Fundi akitajwa hapa Garsen watu humsifu, nami huitikia, "Kweli, kweli," kwa sababu ni kweli. Lakini moyoni nina langu. Nilimwonea wivu mwanamke yule miaka mitatu mizima, na sitaurembesha wivu huo kwa kuuita jina jingine. Yeye alikuwa na cherehani moja na baraza la kukodi. Mimi nilikuwa na mume mwenye kazi Hola, nyumba ya mabati, darasa langu la chekechea, na mtoto mmoja tu, Agneta. Mtu akitupima angesema Fundi ndiye wa kunionea wivu mimi. Wala hakuniibia. Kitu chenyewe kilimwendea kwa miguu yake, na hilo ndilo lililonichoma.

Baraza lake lilikuwa la kinu cha kusaga mahindi. Unga ulimwangukia tangu asubuhi, na ikifika saa sita buibui lake jeusi limekuwa la kijivu. Alilikung'uta mara moja, akapiga chafya, akaendelea kushona. Watu walimwambia ahamie karibu na msikiti, kuna kivuli na hakuna vumbi. Alikataa. Nilidhani ni biashara tu, maana kila mwanamke wa Garsen lazima afike kinuni, awe Mpokomo, Muorma, Mgiriama au Msomali, na anayengojea unga wake hana budi kutazama vitambaa vya fundi. Hiyo ilikuwa nusu ya sababu. Nusu ya pili niliijua baadaye: kinu kikinguruma, wawili walioketi bega kwa bega husikilizana, na wa tatu hasikii kitu. Fundi alikuwa na maneno ya kinu kikiwaka na maneno ya kinu kikizimwa, na hakuyachanganya kamwe.

Maneno ya kinu kikizimwa ndiyo yaliyompa sifa mjini. Alikuwa mtu wa upande wa Kipini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kitamu na kikali kwa pamoja. Akikupima nyonga alizitangaza kama anayenadi ng'ombe mnadani.

"Mama Agneta, umeongeza! Mwaka uliopita tepu ilifika hapa, yeo yaomba msaada!"

Wanaume waliokuja na magunia wakacheka mpaka wakashika ukuta. Nami nilicheka, ningefanyaje? Usipocheka alikurudia wiki ijayo.

Tepu ile haikumtoka shingoni. Alikwenda nayo mazikoni, akakaa nayo matangani, na akina mama waliokuwa wakilia walijikuta wanavuta nguo zao viunoni zikae sawa. Mkasi wake hakuazimwa mtu, hata mke wa chifu. Alisema, "Mkasi ni kama mume, ukiazimwa hurudi butu." Mume alikuwa naye, Kipini. Alikuja mara mbili kwa mwaka na furushi la samaki wa ng'onda, akakaa siku nne akila na kulala, kisha akarudi zake. Fundi alifurahi akija, akafurahi akiondoka, na furaha zote mbili zilikuwa za kweli.

Watoto aliwafukuza kwenye baraza kwa kijiti. "Tokani! Mwaniibia vifungo!" Swala tano hazikumpita, lakini uzi ukikatika aliitukana cherehani kwa maneno ambayo mimi mwalimu wa watoto siwezi kuyaandika. Na aliogopa vyura. Mvua ikinyesha alipandisha miguu yote miwili juu ya kiti, mtu mzima na heshima zake, akawa anazungusha gurudumu kwa mkono. Siku nilipoligundua hilo nilifurahi kupita kiasi, nikawa naligusia kila nikipata nafasi. "Fundi, kuna kitu kijani hapo chini!" Naye akapaa. Wivu humfanya mtu mzima kuwa mtoto.

Lakini nimetangulia mno. Lazima niseme wivu wenyewe ulitoka wapi.

Kwetu sisi watu wa mtoni, kama nilivyolelewa mimi, mama mzazi hamfundishi binti yake mambo ya hedhi. Ni kazi ya bibi au ya shangazi. Mimi nilipovunja ungo nilikuwa Kau kwa bibi yangu. Alinipa vipande viwili vya leso kuukuu na uzi wa kufungia kiunoni, akanikataza kupita kwenye maboga yake ati yatakauka, na akaniamuru nivianike vitambaa vyangu chini ya godoro asije mtu akaviona. Maboga hayakukauka, na vitambaa navyo havikukauka. Nilijikuna mwaka mzima nikidhani ndio uanamke wenyewe. Niliporudi nyumbani mama yangu alikuwa ameshaambiwa. Tulikutana jikoni, akanitazama usoni, nikadhani sasa atasema. Akanipa ungo, akaniambia nipepete mchele.

Sikumchukia. Ndiyo mila aliyopewa. Lakini niliapa siku ile kwamba nikipata binti, atanijia mimi. Si bibi, si shangazi. Atakuja mbio kutoka shule, ataniambia "Mama," nami nitajua la kumwambia. Nilikibeba kiapo hicho miaka mingi kuliko umri wa Agneta mwenyewe.

Alipofika darasa la sita nilianza kujitayarisha. Nilitunga hotuba. Ilianza na uumbaji wa Mungu na kuishia kwenye usafi, na katikati niliweka hadithi ya bibi na maboga ili tucheke. Nilikwenda Malindi kuchukua chaki na vitabu vya picha, nikaingia duka la dawa, na kwa haya sikuuliza mtu. Nilitazama rafu, nikachagua pakiti kubwa kuliko zote, zile pedi nene zenye vitanzi pande mbili, kwa kuwa ndizo nilizopewa wodini nilipomzaa na sikuwahi kujua nyingine. Nilitaka apate kilicho bora. Nikaifunga kwa gazeti, nikaiweka chini kabisa ya sanduku, nikangoja.

Hakuna mtu aliyengojewa kama alivyongojewa mtoto yule. Nilimtazama akitoka chooni. Nilimtazama akifua. Nilimuuliza kama tumbo linamuuma, kama kiuno kinamuuma, kama ana jambo. "Sina jambo, Mama." Mwaka ukaisha, akaingia darasa la saba, shangazi yake akawa ananiuliza kwa mafumbo nami namjibu bado. Nikajiambia amefuata ukoo wa baba yake, huko huchelewa kila kitu.

Jumamosi moja naanua nguo. Chini ya leso ya Agneta, kwenye kamba, palikuwa na vitambaa vitatu vidogo vilivyoanikwa kwa adabu, ndani taulo na nje pamba laini, kila kimoja na mbawa mbili na kifungo. Nikakigeuza kimoja. Nilikuwa nimevaa nguo za Fundi miaka sita, na mshono wake ningeutambua hata nikiwa nimefumba macho, ule unaorudi nyuma hatua moja kila unapoenda mbili. Vilikuwa vimefuliwa mara nyingi. Rangi imepauka, taulo limelala. Havikuwa vya jana wala juzi.

Nilikaa chini pale pale mchangani. Kitu cha kwanza nilichofikiri hakikuwa binti yangu, Mungu anisamehe. Nilifikiri: jana nilipita kinuni, na Fundi akaniuliza, "Aneta hajambo?" Hilo ndilo jina alilomwita, Aneta, ulimi wake haukujisumbua na yote. Aliniuliza hajambo huku akijua habari zake kunishinda mimi! Kila siku alinisalimu, kila siku alinitangazia nyonga zangu, na lile moja alilokuwa nalo hakulisema.

Agneta aliporudi kutoka kuchota maji nilimkalisha jikoni.

"Tangu lini?"

Hakujifanya hajui. "Tangu muhula wa pili, Mama."

"Miezi minne! Na hukuja kwangu? Mimi mama yako ningekufukuza?"

Akakoroga majivu kwa kidole cha mguu. "Ulikuwa unaningoja sana, Mama. Kila nikitoka chooni uko mlangoni. Niliona nikikwambia itakuwa siku yako wewe."

Nikafanya la kijinga. Nilikwenda sandukuni, nikaitoa pakiti yangu, nikalifungua gazeti na kuiweka mapajani mwake kama mtu anayetoa mahari. Nikaianza hotuba. Nilikuwa bado kwenye uumbaji alipoitoa pedi moja, akaipima kwa macho, akaishika vile vitanzi.

"Mama, hizi ni za waliojifungua. Fundi alinionyesha."

Aliyasema kwa upole, mkono wake ukiwa juu ya goti langu. Afadhali angecheka.

Habari za Fundi na wasichana nilizipata kwa vipande, kwa sababu Agneta hakuzimwaga zote siku moja. Fundi alikuwa na mkebe wa biskuti chini ya cherehani. Ndani yake mlikuwa na kila kitu ambacho mwanamke wa Garsen angeweza kukipata: bonge la pamba, pedi ndogo ya pakiti, kitambaa cha leso, kitambaa chake cha taulo chenye mbawa, na moja ya zile nene kama zangu, ya kuonyesha isiyofaa. Msichana akija anazungukazunguka na kipande cha nguo ambacho hakijararuka, Fundi alijua. Alingoja kinu kiwashwe. Kisha alivitandaza vitu vile juu ya mapaja yake, akachukua kikombe cha chai ya rangi iliyopoa, akamimina kidogo juu ya kila kimoja.

"Haya, ngoja. Mimi nashona. Wewe tazama."

Msichana akatazama pamba inavyolowa na kukatikakatika. Akatazama leso inavyovujisha papo hapo. Akatazama pedi inavyokunywa na taulo linavyochelewa kuvuja. Hakuna hotuba, hakuna uumbaji. Halafu Fundi aliuliza maswali matatu, na yote yalikuwa ya fundi anayepima mteja. Shule yako iko mbali gani? Maji ya kufulia mwapata wapi? Una mahali pa kuanika? Mengine hakuyauliza.

Na hakumchagulia mtu. Agneta alimwomba amwambie ipi ni nzuri, akajibiwa, "Chagua wewe. Mimi siendi nawe shuleni." Basi mtoto wangu, ambaye nyumbani hakuwahi kuchagua hata rangi ya gauni la Krismasi, alichagua mwenyewe: vitambaa kwa siku za nyumbani, pedi ndogo kwa siku za shule na michezo. Akauliza ataanika wapi baba akiwepo. Fundi akamwambia aweke leso juu, lakini vikae juani vikauke kabisa. "Jua halina mato," alisema, maana yake macho. "Hofu ya watu isikusahaulishe jua."

Mimi nilijikuna mwaka mzima kwa kukosa sentensi hiyo moja.

Ungedhani baada ya kuyasikia haya ningemshukuru. Nilifanya jambo la aibu. Alhamisi iliyofuata, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, wakati wa chai, nilisema tu, "Hivi mwajua binti zenu hufanya nini kinuni, wanapokawia na unga?" Nikanyamaza, nikanywa chai yangu. Sikusema uongo hata mmoja, na ndiyo maana uovu wenyewe ulikuwa mkubwa, kwa sababu kila mama alijijazia mwenyewe. Mmoja alisema yule si wa dini yetu. Mwingine akasema watu wa pwani wanajulikana kwa kuwafunza wasichana mambo ya unyago kabla ya wakati. Mimi nilijua ni pamba na chai ya rangi, na sikufungua mdomo.

Baraza la Fundi likakauka wasichana. Unga ulianza kuletwa na ndugu zao wa kiume au na mama wenyewe. Muhula haukuisha kabla ya msichana mmoja wa darasa la Agneta, mtoto wa jirani yetu wa nyumba ya tatu, kuchafua sketi darasani, mbele ya mwalimu mwanamume ambaye hakujua afanye nini akamwambia asimame. Hakurudi shule mpaka muhula uliofuata. Agneta aliniletea habari ile huku analia kwa hasira.

"Angeenda kwa Fundi yasingempata. Lakini mama yake alimkataza. Sijui nani kapeleka maneno, Mama. Nikimjua!"

Nilimwambia apanguse machozi, ale. Mimi sikula.

Fundi alijua ni nani. Garsen si mji wa kuficha aliyesema nini kwenye chai. Lakini nilipopita alinitangazia nyonga zangu kama kawaida, hakuongeza wala kupunguza, na mimi nilitamani anitukane kama alivyoitukana cherehani.

Kisha ikaja mvua ile kubwa, mto ukapanda mashambani, na barabara ya Malindi ikakatika wiki nenda wiki rudi. Madukani kulibaki viberiti na chumvi. Pedi hazikuwepo kabisa, na vile vitambaa vitatu vya Agneta havikutosha wala havikukauka. Alianza kukaa nyumbani siku zake zikifika, ameketi juu ya gunia, anasoma, na mtihani wa darasa la nane uko mbele yake. Baba yake alikuwa amekwama Hola. Nikaona sasa mtoto wangu anakaa vile nilivyokaa mimi, na safari hii hapakuwa na bibi wa kulaumu.

Nilikwenda kinuni. Mji mzima ulikuwa umejaa vyura, na Fundi alikuwa juu ya kiti, miguu ameikunja, kijiti mkononi. Sikumtania. Nilisimama mbele yake na kipande cha taulo kwapani, nikamwambia, "Fundi, Agneta hana kitu. Nimekuja unishonee."

Alinitazama kidogo. "Kaa."

Nilidhani kaa kwenye mkeka. Alimaanisha kwenye kiti chake. Aliteremka, mguu mmoja mmoja, akitazama chini kwanza, akanisukuma mbele ya cherehani.

"Mwana ni wako. Mshonee."

"Mimi sijui, Fundi."

"Nani alizaliwa ajua? Shika hapa. Polepole, hutoroki na mali ya mtu."

Nilikaa pale tangu baada ya shule mpaka kinu kilipofungwa. Alinikatia kiolezo kwa gazeti, akanionyesha taulo linakunjwa mara tatu katikati na mara moja pembeni, akanipiga kofi la mkono kila nilipokimbiza gurudumu. Nilishona vinne. Vilikuwa upogo, kimoja kilikuwa na bawa kubwa kuliko jingine. Fundi alivitazama kwa jicho la muuza samaki, akavifunga kwa gazeti.

"Vyafaa," akasema. Kisha, kwa sauti ya kinu kikiwaka ingawa kinu kilikuwa kimezimwa: "Na wale wengine?"

"Wepi?"

"Wasiokuja."

Jumapili ile nilisimama mbele ya akina mama nikala matapishi yangu. Niliwaambia kilichomo ndani ya mkebe, kitu kwa kitu, mpaka wengine wakatazama chini kwa haya. Mama mmoja aliniuliza, "Na wewe ulijua tangu siku ile?" Nikasema nilijua. Hakunisalimu mpaka Pasaka, na alikuwa na haki. Lakini wasichana walirudi kinuni, hata mtoto wa jirani.

Ninyi mwaweza kudhani wivu uliishia hapo. Agneta alivivaa vitambaa vyangu kwenda shule, akarudi, akavifua, akawa ananiambia huku anaanika, "Siku hizi Fundi macho yamemchoka, Mama. Hivi ameshona upogo."

"Labda ni vyura," nikamjibu.

Sikumwambia ni vyangu. Nilitaka avisifu kwanza ndipo niseme, naye hakuvisifu, alivivaa tu mpaka vikachanika. Alifanya mtihani wake, akapita, akaenda shule ya bweni mbali. Siku ya kuondoka alikwenda kumuaga Fundi, akakaa huko muda mrefu kuliko nilivyopenda, nami nilikuwa kituoni nimelinda sanduku lake peke yangu.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni ya mwaka uliofuata, miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni. Macho ya Fundi yalikuwa yameingia ukungu kweli. Aliishona mishono iliyonyooka kwa mazoea ya vidole, lakini sindano ilimshinda kutunga, basi nikazoea kupita baada ya darasa langu kumtungia za siku nzima, nikizichomeka kwenye kipande cha sponji. Hatukuwa marafiki, sijui tulikuwa nini. Alinitangazia nyonga kwa kukisia, na alikisia sawasawa.

Siku hiyo kinu kilikuwa kinanguruma. Nikaona nimuulize lile lililokaa kooni.

"Fundi, miezi minne ulinisalimu kila siku. Hukuona vibaya kunificha?"

"Niliona vibaya," akasema. "Kila ulipopita nilitamani kukwita. Lakini neno lilikuwa la Aneta, halikuwa langu."

"Na ulifurahi? Kwamba alikuja kwako?"

Akageuza uso wake kwangu. "Nilifurahi sana. Niseme urongo?"

Ikanichoma upya, kana kwamba Agneta yuko darasa la saba. Hapo akaja msichana wa Kiorma, ushungi wake umefungwa vizuri, kitambaa kipya mkononi ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Alisimama, akakikunja, akakikunjua. Nilimtambua. Ni binti wa mwanamke aliyeniletea maziwa mlangoni kila asubuhi.

Fundi alikigusa kitambaa kile kizima, akainama, akauvuta mkebe kwa mguu, akausukuma mpaka kwangu.

"Mimi mato yangu hayaoni tena rangi ya chai," alimwambia msichana. "Keti na Mwalimu."

Msichana alinitazama. Nilimwona anapima: huyu mama ananijua, huyu mama anamjua mama. Kisha akaketi, bega lake likagusa langu, akaniinamia sikioni.

Nilimimina chai. Nyingine ikalowesha sketi yangu. Sikumhubiria. Nilimuuliza shule iko mbali gani, na maji wanapata wapi, na ataanika wapi. Kwao ni mbali, na kisimani ng'ombe hutangulia kunywa, kwa hiyo maji ya kufulia ni haba. Alitazama muda mrefu, akashika pedi ndogo, akaiacha, akashika taulo, akairudia pedi. Nilitamani kumwambia chukua hii. Niliuma mdomo. Alipochagua alitabasamu kidogo tu, meno mawili, akaficha alichochagua ndani ya kile kitambaa kipya.

"Mama hapana ambia," aliniomba. "Mimi mwenyewe taambia. Lakini si sasa."

"Sitamwambia."

Nikamtazama akienda, anatembea amenyooka. Na niseme yote: nilifurahi. Utamu ule niliulaani miaka mitatu bila kuujua ladha yake. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Asubuhi yake mama yake alibisha hodi. Nilitoka na sufuria, akaanza kunimiminia maziwa, polepole, asimwage.

"Mama Agneta, binti yako yuko skuli ya mbali. Huko mambo yake anaambia nani?"

"Huniandikia barua," nikasema. Zilikuwa chache, na za kuomba sabuni.

"Mimi iko bahati," akasema. "Yangu iko nyumbani. Hapana ficha mimi kitu. Hata kitu kidogo, anakuja, anasema mama." Akafunga kibuyu chake, akaniinulia uso wote umejaa furaha, akingoja nimwitikie.

Sufuria ilikuwa mikononi mwangu, sikuweza kujifanya nina kazi nyingine. Nilimtazama machoni.

"Una bahati kweli, mama," nikamwambia.

Akaenda zake akicheka na maziwa yake, na kesho yake alfajiri akabisha hodi tena, nami nikamfungulia.